Dalali anatuharakisha: tununue kiwanja hiki cha Lushoto kabla ya masika?

Dada, shikamoo.

Mimi ni muuguzi hapa Tanga, nina miaka 57, nimebakiza mitatu nistaafu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, amepumzika tangu mwaka juzi. Watoto wanajitegemea. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga, na joto la hapa limeanza kunishinda. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Msambaa wa Mlalo, wilayani Lushoto, na likizo zangu za utotoni nilizimalizia kwake, naamka asubuhi sioni hata mgomba ulio mlangoni kwa ukungu. Tumekubaliana na mume wangu kwamba uzee wetu tuupeleke Lushoto.

Tumetafuta mwaka mzima na miezi minne. Kule hukuti vibao vya viwanja vinauzwa kama huku kwetu. Unasikia fulani anauza, ukifika anakwambia rudi baada ya mavuno, ukirudi anasema mdogo wake hajaridhia. Mwezi uliopita dalali alitupeleka kwa mzee mmoja, juu ya mji wa Lushoto kwenye njia ya kuelekea Magamba. Ni nusu eka, inashuka kutoka barabara ya vumbi mpaka kwenye kijito. Upande wa barabarani nimehesabu hatua 30. Chini kuna bustani ya kabichi na viazi ambayo kijana mmoja ameikodi. Katikati kuna mti mkubwa na makaburi mawili. Bei ni milioni 14. Mzee anasema aliirithi kwa baba yake. Wako ndugu watano, wawili wanaishi Dar es Salaam.

Dalali anasema kuna mtu wa Dar anakuja na fedha taslimu mwisho wa mwezi huu wa Februari, na kwamba sisi tukilipa sasa tutawahi kuchimba msingi kabla ya masika. Tumeshampa laki tano ya kishika uchumba, bila karatasi yoyote. Mume wangu anataka tujenge ghorofa moja ya vyumba sita, vinne viwe vya wageni, kwa sababu watalii wanakwenda Irente. Ananiambia mimi ndiye ninayechelewesha, na juzi amelala bila kula. Tuna milioni 41 benki, na kiinua mgongo changu bado.

Tulipe au tuache? Na ni kweli kwamba kijijini hakuna hati?

Muuguzi wa Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Msilipe Februari. Nimeanza na jibu kwa sababu nikisoma barua yako naona umeshalipata mwenyewe, umekosa tu mtu wa kusimama nawe nyumbani.

Nianze na huyo mtu wa Dar. Nimekaa milimani, upande wa Soni, miaka 23. Sijaona shamba la ukoo likachukuliwa na mgeni ndani ya wiki mbili kwa fedha taslimu, ugomvi usifuate. Soko la kule linakwenda polepole kwa sababu kila kipande cha ardhi kina watu ndani yake: waliozikwa hapo, wanaolima hapo, na waliohamia mjini ambao moyoni wanajua siku moja watarudi. Yule aliyekwambia rudi baada ya mavuno hakuwa anakuzungusha. Alikuwa hajamaliza kuzungumza na wenzake. Na upole huo unakufaa wewe mnunuzi, maana mwenye dai akijitokeza wakati bado unasubiri, unamwamkia, unarudi Tanga na fedha zako. Akijitokeza ukiwa umeshaezeka, mnakwenda baraza la ardhi.

Sasa huyo mzee. Umesema aliirithi. Mwulize kwa heshima zote: marehemu baba yenu alipofariki, mirathi ilifunguliwa mahakamani? Nani aliteuliwa msimamizi? Mgawanyo ulifanyika, na kipande hiki kikaangukia kwake peke yake, au bado ni cha wote watano? Kama mgawanyo haujafanyika, basi mzee anauza na sehemu za ndugu zake, na hata akiwa mwaminifu kiasi gani sahihi yake moja haitoshi. Wale wawili wa Dar wanatakiwa kusikia habari hii kutoka kwake, na sahihi zao muwe nazo. Mkewe pia asaini, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na hata pale ambapo hakuna nyumba, mke aliyelima shamba miaka yote akinyamazishwa leo atasema kesho. Mimi ningeomba kumwamkia huyo mama kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta hajui kwamba shamba linauzwa, jibu unalo.

Makaburi usiyachukulie kama kitu cha kuhamisha baadaye. Wenyewe watakuja kuzuru, watafyeka, watasoma dua au kusali, na wana haki hiyo. Kama mtanunua, eneo la makaburi na njia ya kuyafikia vitolewe kwenye mauzo, vichorwe kwenye ramani, na bei ipungue kwa kiasi hicho. Angalia pia kama kuna njia ya miguu inayokatiza kwenda kijitoni na bomba la maji linalopita kwenda kwa jirani. Mgeni anayeanza maisha mlimani kwa kuziba njia ya wanawake wanaochota maji hatasaidiwa kubeba hata jiwe.

Kuhusu hati: si kweli kwamba kijijini hakuna hati. Kwanza mjue mko wapi. Ukipanda kutoka mjini Lushoto unaweza kuvuka kutoka eneo la mji kuingia ardhi ya kijiji bila kuona alama yoyote, na sheria zinabadilika hapo hapo. Ikiwa ni eneo la mji lililopangwa, mambo yanakwenda kwa Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, na mnaulizia idara ya ardhi ya halmashauri kama kiwanja kimepimwa na kina namba. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, na hati yake ni hatimiliki ya kimila. Watu wa mjini wanaidharau hati hiyo, lakini sheria inaipa hadhi sawa na ile nyingine. Ila ina sharti linalowahusu ninyi moja kwa moja: kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda kwa mtu asiye mkazi kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, nayo inaangalia kama mnakuja kweli kuishi au kufanya kazi pale. Mauzo yaliyofanyika sebuleni kwa dalali bila idhini hiyo hayana nguvu. Kwa hiyo nendeni wenyewe kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, jitambulisheni, semeni bibi yako alikuwa wa Mlalo, muulize kikao kinakaa lini. Muhtasari wa kikao uwe na mhuri na majina ya waliohudhuria, na majirani wa pande zote wawe wamesimama mpakani siku ya kupima. Mkiambiwa mtoe asilimia kumi ya bei, ombeni mwonyeshwe ilikoandikwa na mpewe stakabadhi ya serikali. Na jina kwenye hati lisiwe la shemeji peke yake. Yawe majina mawili.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili.

Umesema kiwanja kinaishia kwenye kijito, na upana wa juu ni hatua 30. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Tuseme hatua yako ni mita moja pungufu kidogo, upana uwe mita 27. Basi urefu wa kushuka ni kama mita 75. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Toa 60 kwenye 75. Mnabaki na mita 15 upande wa barabarani, na humo humo kuna nafasi ya barabara yenyewe, na katikati ya kiwanja mna makaburi. Milioni 14 mnataka kuzitoa kwa nusu eka, kumbe pa kusimamisha nyumba ni kipande kidogo kuliko uwanja wa shule ya msingi kwa mbali sana. Kama kijito hicho hakikauki kiangazi, andikeni kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na muulize ofisa mazingira wa wilaya aje apime. Mkipanda zaidi kuelekea Magamba, mpaka wa hifadhi ya msitu nao muulizie, una alama zake. Mzee hawadanganyi kuhusu nusu eka. Nusu eka ipo, na kwa mkulima wa kabichi ni nzuri sana, kwa sababu bonde ndilo lenye rutuba na maji. Ninyi mnataka kulala, na pa kulala ni padogo. Hilo peke yake ni sababu ya kurudi kwenye bei, na pengine sababu ya kukiacha.

Mteremko sasa. Nisikilize vizuri hapa, dada yako nimelipia somo hili. Nilipojenga, fundi alikata mlima wima, udongo alioutoa akaumwaga mbele, akaushindilia kwa miguu, akapanga msingi nusu juu ya mlima halisi na nusu juu ya udongo uliomwagwa. Kiwanja kikaonekana tambarare, kinapendeza. Masika ya kwanza kona ya mbele ilizama kiasi cha kiganja, ufa ukapanda kutoka kwenye msingi mpaka dirishani. Nilibomoa vyumba viwili. Udongo wa kumwaga unaendelea kushuka miaka, na nyumba yangu nusu ilikuwa inashuka nao, nusu imekataa.

Nyumba ya mlimani ikae yote kwenye udongo ambao haujaguswa, na msingi wake ushuke kwa ngazi kufuata mlima. Mawe ya Lushoto ni mazuri na yako karibu, yatumieni. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba uwekewe matobo ya bomba, na nyuma yake pajazwe mawe matupu ili maji yapite, maana ukuta huangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Juu ya nyumba, kabla hata ya kuchimba msingi, uchimbwe mtaro wa kukinga maji ya mlima na kuyapeleka pembeni. Na bati lenu lenyewe litawaletea maji. Milimita moja ya mvua juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 100. Mvua ya milimita 20 ya jioni moja ni lita 2,000, madumu 100 yanamwagwa mguuni mwa nyumba yako, kwenye mteremko, na kesho tena. Mifereji na tangi visiwe vitu vya kungoja pesa ikipatikana. Viingie kwenye hesabu pamoja na bati.

Mkiwa pale tazameni miti. Kama mashina yamepinda chini kama goti halafu yakanyooka kwenda juu, udongo unatembea. Tazameni ufa ardhini wenye umbo la mwezi mwandamo, nguzo zilizoegama, chemchemi inayotoka katikati ya mteremko mahali pasipo na bonde. Wazee wa hapo waulizwe: hapa palishawahi kumeguka? Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na watu zaidi ya 80 wakafa. Hanang si Usambara, na sikuandikii haya nikutishe. Nataka uulize swali hilo kwa sauti, kwa sababu wanunuzi wengi huulizia umeme na kusahau mlima.

Ndiyo maana wazo la kuchimba msingi kabla ya masika linanitia hofu kuliko hata suala la hati. Masika yanaanza Machi. Shimo lililo wazi kwenye mteremko linakuwa bwawa, na kingo zake zinaanguka. Kule watu huchimba na kujenga msingi kiangazi, kuanzia Juni vikiisha vipindi vya mvua, na barabara za vumbi zikiwa zinapitika. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za lami yenye kona, lori linafika. Kutoka lami mpaka kiwanjani ndiko fedha zinakoishia. Mkiulizia bei ya mchanga na saruji, ulizeni ya kufikishwa kiwanjani, tena mkiwa mmesimama hapo hapo, maana Fuso likishindwa mita 300 za mwisho mtalipa vijana wa kubeba kichwani, mfuko kwa mfuko.

Sasa shemeji na ghorofa lake. Ukitoa 14 kwenye 41 mnabaki na milioni 27. Toeni gharama za wakili, kupima na hati, ukuta wa mawe, mtaro, choo na tangi. Ghorofa la vyumba sita halitamalizika, na kiinua mgongo chako kitafuata humo humo. Tena fikirieni mlango wa kutokea. Mlima ule ule uliowachosha mkinunua utawachosha mkiuza. Mmoja wenu akiugua na mkahitaji kuwa karibu na hospitali kubwa, nyumba kubwa ya milimani inaweza kukaa miaka ikingoja mnunuzi, na anayekuja anataka kulipa bei ya nyumba ndogo. Fedha mtakazoziingiza pale zihesabuni kuwa hamtaziona tena kama fedha. Kwa sababu hiyo ningejenga vyumba viwili, sebule, jiko lenye bomba la moshi, na baraza inayotazama jua la asubuhi. Dari msiliache, Juni mpaka Agosti baridi inashuka kwenye bati usiku kucha. Chumba kimoja cha mgeni kinatosha kwa kuanzia: watalii wa Irente wana nyumba nyingi za kulala tayari, na wewe unastaafu uuguzi ili upumzike, usije ukaanza zamu nyingine ya kutandika vitanda.

Usimchukulie kuwa anakufanyia ubishi. Mwanamume aliyeendesha malori maisha yake yote, halafu akakaa miaka miwili nyumbani kwa mshahara wa mkewe, anataka kuona kitu kinasimama kwa mikono yake. Anapotaja vyumba vinne vya wageni nasikia mtu anayetaka kuingiza riziki tena. Mpe kazi hiyo, ila aianzie mahali pengine. Pangeni chumba kimoja Lushoto kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei, wewe uendelee na kazi Tanga, yeye akakae huko. Kodi ya chumba kwa miezi mitatu haitafika ile laki tano mliyompa dalali kama mkitafuta vizuri pembeni ya mji. Akiwa huko atakunywa chai na watu, atajua nani aliuza nini kwa bei gani, atapata habari za viwanja ambavyo dalali hana. Bei ya mlimani haipatikani kwa simu. Inapatikana kwa kukaa. Na kama kiwanja hiki ndicho chenu, mzee atamwona kila siku, na ndugu wa Dar watapata muda wa kuja.

Ile laki tano: mwandikieni dalali ujumbe leo, kwa maneno mafupi, kwamba mlimpa kiasi hicho tarehe fulani kwa ajili ya kiwanja fulani, na mnaomba athibitishe kwamba ameipeleka kwa mwenye shamba. Akijibu, jibu lake ni ushahidi wenu. Kisha mwulizeni mzee mwenyewe kama aliipata. Kama hakuipata, mmejua dalali ni mtu wa namna gani kwa laki tano badala ya milioni 14. Kuanzia sasa msimpe mtu wa kati hata shilingi. Mkataba uandikwe na wakili, fedha ziingie benki kwenye akaunti ya mwenye ardhi, na sehemu kubwa ilipwe baada ya halmashauri ya kijiji kuidhinisha. Yule kijana wa kabichi naye muandikiane kwamba atavuna kwanza.

Kama huyo mtu wa Dar atakuja kweli na kulipa, mwacheni alipe. Mmeshatafuta mwaka na miezi minne, na sasa mnajua maswali ya kuuliza kwenye kiwanja kinachofuata.

Mwambie shemeji achukue mabuti ya mpira na koti zito. Siku ambayo mvua ya Aprili itanyesha kuliko siku zote, wakati wengine wamejifungia ndani, yeye awe amesimama juu ya kile kiwanja, aangalie kijito kimefika wapi na maji ya mlima yanapita upande gani wa ule mti.